Kariakoo, Soko Lenye Jina la Wabeba Mizigo



Juma hili tutembelee soko la mbali ambalo wachuuzi wetu wanalitaja kila mara: Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Njia yake ni ya zamani: unashuka ziwa mpaka Kigoma, kisha unapanda gari la moshi, juu ya reli iliyofika Kigoma mwaka wa 1914.

Ukifika, utaona kwanza paa. Mchoraji wa nyumba ile, Mtanzania Beda Amuli, alilichora katika miaka ya 1970 kama miavuli mikubwa ya simenti iliyogeuzwa, ili maji ya mvua yateremke na kuwekwa akiba chini. Chini ya ardhi kuna sehemu nyingine ya soko. Nje, barabara zote za jirani zimejaa nguo, vyombo, nafaka na watu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko hilo, na wachuuzi wengi walipoteza mali yao. Kisha likatengenezwa upya.

Lakini jina lake ndilo linalotuhusu zaidi. Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, yaani kikosi cha wabeba mizigo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na mahali pale wakaweka kambi ya watu waliobebeshwa chakula, risasi na mahema ya jeshi. Vita vikaisha, soko likabaki na jina. Nairobi pia kuna soko lenye jina hilohilo, Kariokor.

Upande wetu haikuwa tofauti. Wabelgiji walitoka Kongo wakateka Kigoma mwezi wa Julai 1916, na Tabora mwezi wa Septemba. Nyuma ya askari wao kulikuwa wabeba mizigo zaidi ya 200,000. Wengi walikufa njiani, na magonjwa na uchovu viliua kuliko risasi.

Katikati ya Dar es Salaam kuna sanamu iliyowekwa mwaka wa 1927. Inaonyesha askari na bunduki yake. Mbeba mizigo hasimami pale juu; anatajwa tu katika maandishi ya chini. Alibaki pia katika jina la soko, na wengi wanalitaja bila kumkumbuka.

Wamama, nani anayebeba soko letu sisi? Maharagi, viazi na muhogo vya Rurambo havishuki vyenyewe mpaka Sange, Kiliba ao Uvira. Vinashuka mgongoni mwa mama, mara nyingine na mtoto kifuani. Lakini fungua daftari ya biashara yetu: mgongo huo hauandikwi.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama amenunua kilo 30 za maharagi, kila kilo franka 1,500. Ameziuza franka 2,000 kila kilo. Anasema, “Nimepata faida ya franka 15,000.” Tutoe ushuru wa soko 1,000 na chakula cha njiani 3,000: zinabaki 11,000. Kama angelipa mtu franka 10,000 amshushie mzigo ule, angebaki na 1,000. Basi faida aliyoiona ni mshahara wa mgongo wake kwa siku mbili. Biashara yenyewe ilimpa franka 1,000 tu.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kijadili mambo haya kwenye mkutano ujao:

Kwanza, bei ya kubeba iandikwe katika daftari, hata kama mbebaji ni wewe mwenyewe. Ukiijua, hutakubali mnunuzi akushushe bei mpaka uuze jasho lako bure.

Pili, tuuze pamoja. Mnunuzi anayekuta magunia kumi mahali pamoja anaweza kupanda kuyafuata, ao kuchangia usafiri. Mwenye kilo 30 peke yake humfuata yeye.

Tatu, mwenye mimba na aliyejifungua karibuni wasibebeshwe mzigo mzito. Wenzake wagawane mzigo wake, naye atawalipa zamu nyingine.

Nne, ukimpa kijana mzigo mjini, patana naye bei kabla hajauinua, umlipe mara anapoutua. Naye ana mama yake.

Na ya tano ni ya kuongea nyumbani, kwa upole: mabaga ya baba nayo yaliumbwa na nguvu. Gunia halijui kama anayelibeba ni mume ao mke.

Wale wa 1916 hawakuulizwa. Sisi tunaweza kupanga wenyewe mzigo wetu uwe kilo ngapi, na kwa bei gani.

Tuonane juma lijalo. Mshuke salama, mpande salama.