Tupimiwe ukawiaji wa intaneti, si kasi pekee

Ni ada ya kampuni zinazotuuzia intaneti kutangaza kasi. Mabangoni na redioni mteja huahidiwa megabiti kumi, ishirini, hata mia moja kwa sekunde, naye hulipa akiamini kwamba amenunua wepesi. Kwa hakika amenunua upana wa barabara. Muda ambao gari litachukua kwenda na kurudi ni jambo jingine kabisa, nalo sijaliona katika bango lolote.

Muda huo ndio ukawiaji, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Yeyote aliyezungumza na nduguye aliye ughaibuni kupitia mtandao, wakawa wanakatizana kauli kama watu wasio na adabu, ameuonja. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) limependekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Mtu aweza kuwa na megabiti mia moja na bado asisikilizane na mamaye.

Sisi Wakenya tunayajua haya kwa uchungu. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, mawasiliano yetu na ulimwengu yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu havingeweza kukamilika kabla ya takriban nusu sekunde, hata mtambo uwe mzuri namna gani. La ajabu zaidi, barua pepe iliyotoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mwingine iliweza kupaa angani, ikazuru ng'ambo, kisha ikarudi. Kituo cha KIXP kilichofunguliwa mwishoni mwa 2000 kukomesha safari hiyo kilifungwa majuma machache baadaye, Telkom ikilalamika kwamba kinaingilia ukiritimba wake, hadi kilipofunguliwa tena 2002. Utafiti uliotolewa na Internet Society mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba ukawiaji wa mawasiliano ya humu nchini ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Tunayafahamu hayo kwa kuwa palikuwa na waliopima.

Lakini kupima kutoka wapi? Hapo ndipo penye hoja yangu. Mnamo Desemba 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo iitwayo ping, ambayo hutuma pakiti, ikangoja mwangwi wake na kuhesabu muda uliopita. Baadaye Tobias Oetiker wa Uswisi alitunga SmokePing, ambayo kwa kawaida hutuma pakiti ishirini kila baada ya dakika tano, kisha huchora mstari wa muda wa katikati pamoja na kivuli mfano wa moshi. Moshi ukiwa mwembamba, njia imetulia. Ukitanda, pakiti nyingine zinawahi na nyingine zinakwama, na mteja anateseka ijapokuwa wastani unapendeza.

Aghalabu programu kama hiyo huwekwa katika seva moja makao makuu. Seva hiyo hupima njia yake yenyewe, ilhali mkazi wa Lodwar hapiti njia hiyo. Wala haitoshi kuiuliza ruta ya Lodwar kutoka Nairobi, kwani kazi ya kwanza ya ruta ni kupitisha mizigo ya wengine, na maswali yanayoihusu yenyewe huyajibu ikipata nafasi. Ni heri ruta ya Lodwar iagizwe kutuma pakiti za kipimo kwa ruta nyingine, na muda uliotumika ndani ya mitambo uondolewe hesabuni. Ruta nyingi za kampuni zina uwezo huo tayari, na SmokePing yaweza kuzikusanyia matokeo.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, kampuni inayonihudumia, ambayo sitaitaja, ilinijibu kwamba laini yangu haina kasoro. Naam, haikuwa na kasoro, kutoka nyumbani kwangu hadi ruta yao ya kwanza!

Najua wenye kampuni watasema kwamba takwimu hizi ni siri ya biashara. Sikubali. Hakuna anayewataka watuchoree ramani ya mitambo yao; tunataka kujua pakiti inachukua muda gani kutoka ruta iliyo karibu na mteja hadi KIXP, hadi Mombasa, na hadi London, na ni ngapi zinazopotea njiani. Wala wasisingizie gharama, kwani SmokePing ni ya bure.

Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kisheria ina jukumu la kusimamia ubora wa huduma, yaweza kuanza na ruta tatu tu za kila kampuni: Lodwar, Garissa na Lamu. Michoro yake iwekwe hadharani kila siku, moshi wake ukiwemo, na kila bango linalotaja megabiti liandikwe chini yake milisekunde za mji lilikosimamishwa.