Tusiyadharau Maneno ya Mzaha

Aghalabu wanaojifanya walinzi wa lugha hulitazama neno la mzaha kwa jicho la dharau, wakidhani kwamba lugha hujengwa na maulamaa peke yao. Nami nadai kuwa dhana hiyo ni batili, na hoja yangu naichukua kwa Wamarekani wa miaka ya 1830. Zama hizo walishikwa na shauku ya kubuni maneno yenye sura ya Kilatini na moyo wa masihara, mathalan "absquatulate", ambalo kichwa na mkia wake ni vya kisomi ilhali kiwiliwili chake ni neno la kawaida la kuchutama, na maana yake ni kutoka mbio, kama afanyavyo mdeni amwonapo mdai wake.

Neno hilo leo ni nadra. Lakini ndugu yake "OK", lililochapishwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, likiwa ni kifupisho cha maneno mawili yaliyokosewa tahajia kwa makusudi, lilibahatika mwaka 1840, pale wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook aliyepewa lakabu ya "Old Kinderhook", walipolifanya wito wao wa uchaguzi, na tangu hapo limezunguka dunia, hata kwetu watu wazima wenye hadhi zao husema "oke" bila haya.

Basi nasaha yangu kwa wahariri na walimu ni hii: neno la vijiweni msilifute kwa sababu tu limezaliwa na kicheko, maadamu wasemaji wenyewe ndio watakaoamua libaki au litoweke.