Mwili Nao Husomeshwa



Huku Wusi, katika miteremko ya Taita, mtoto wa kike hukimbia vijia vya mlimani sawa na nduguye wa kiume. Akibaleghe huambiwa: "Sasa u mwanamwali, tulia." Kuulinda ustara wake ni wajibu wetu, lakini je, ustara ndio kukaa kitako?

Mwili nao husomeshwa. Aliyejifunza utotoni kukimbia, kusimama imara, kulenga na kudaka, huubeba ujuzi huo hadi uzeeni, kama abebavyo Juzuu Amma. Asiyedurusu husahau.

Miongoni mwa michezo ifaayo kwa somo hili ni tenisi. Jicho hufuata mpira, mguu huuwahi, mkono hupiga, na akili huamua. Wachezaji hutenganishwa na wavu, hawagusani. Na mama aweza kucheza na bintiye, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Wataalamu wa Copenhagen, waliofuatilia watu zaidi ya 8,000 kwa muda wa hadi miaka 25, walieleza mwaka 2018 kwamba wacheza tenisi waliishi kwa wastani wa karibu miaka 10 zaidi ya wasiofanya mazoezi. Umri u mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na huenda watu hao walikuwa na neema nyingine pia. Lakini kuutunza mwili ni amana.

Nasi tunao mfano bora. Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena. Safari hii akashinda Mtume, naye akamwambia kwa mzaha kuwa wamelipana. Tazameni: mke aliyenenepa hakuambiwa kwamba wakati wake wa kukimbia umepita.

Hatusemi kila kijiji kijenge kiwanja. Ukuta wa uani, kibao cha mbao na mpira mmoja vyatosha kuanzia, pamoja na vazi la heshima lililo pana, lisilokwaza miguu. Shirika la Afya Duniani lawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki: nusu saa baada ya Alasiri, siku tano.

Na mama asiwe wa kuokota mipira tu. Naye apige.

Wabillahi tawfiq.