Mwanga wa kupima ini na bei ya gunia la mahindi

TEKNOLOJIA ya kuchunguza ini kwa kutumia mwanga imepiga hatua kubwa katika hospitali za nchi tajiri, na kwa mkulima wa Kongwa au Kiteto habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Si ya mbali sana. Ini ndilo linaloumia kwanza mtu anapokula mahindi au karanga zenye sumukuvu, na mwanga unaotumika kwa mgonjwa hutumika pia kukagua nafaka.

Hospitalini kazi hufanyika hivi. Mgonjwa huchomwa sindano yenye rangi ya kijani, ambayo ilianza kutumika katika tiba miaka ya 1950. Rangi hiyo huondolewa kwenye damu na ini peke yake na kumwagwa kwenye nyongo. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hupitisha mwanga na kusoma jinsi rangi inavyopungua. Kwa mwenye ini zima, baada ya dakika 15 huwa imebaki chini ya asilimia 10. Ikibaki nyingi, daktari anajua ini limechoka na hawezi kukata kipande kikubwa bila kuhatarisha maisha ya mgonjwa.

Rangi hiyohiyo ikimulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, hung'aa mbele ya kamera maalumu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa upasuaji wa Japani walionyesha kuwa uvimbe wa saratani ya ini huendelea kung'aa wakati sehemu nzima zimeshaisafisha rangi. Hata uvimbe mdogo ambao vidole vya daktari vingeupita huonekana.

Tatizo ni kwamba mwanga huo haupenyi nyama zaidi ya takriban sentimita moja. (Altrasaundi, ambayo wengi huichanganya na vipimo hivi, hutumia mawimbi ya sauti.) Kwa hiyo kamera humkuta mgonjwa akiwa tayari kwenye meza ya upasuaji, na saratani ya ini hukaa kimya muda mrefu kabla ya kuuma.

Sumukuvu nayo huua kwa njia mbili. Ikiliwa nyingi kwa mara moja, ini hushindwa ndani ya siku au wiki chache. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako watu 20 walipoteza maisha. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani, na hatari huongezeka mara nyingi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kwa mfanyabiashara, pigo huja mapema zaidi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti, likiwamo la cheti kuonyesha kuwa sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hiyo ni sawa na gramu moja tu katika magunia 1,000 ya kilo 100. Mchuuzi aliyekusanya mzigo kwa wakulima kumi huweza kupoteza lori zima kwa ajili ya gunia la mmoja wao, na hana wa kumdai.

Je, taa inaweza kumsaidia? Kwa kiasi. Mahindi yaliyopasuliwa yakiwekwa chini ya taa ya zambarau, punje zenye ukungu huweza kung'aa rangi ya kijani na manjano. Lakini kinachong'aa hapo ni asidi inayotengenezwa na ukungu huo, si sumu yenyewe, hivyo punje yenye kung'aa inaweza kuwa salama na isiyong'aa ikawa na sumu. Anayeuziwa taa kama kipimo kamili anauziwa nusu ya ukweli. Vijikaratasi vya kupimia, vinavyosomwa na mashine ndogo yenye mwanga, hutoa jibu la kuaminika zaidi, ila navyo hutegemea sampuli. Sumu hujikusanya katika punje chache, na konzi moja kutoka mdomoni mwa gunia haisemi kilichopo katikati.

Ndiyo maana kupima mpakani peke yake ni kumwadhibu mchuuzi kwa kosa lililofanyika shambani na ghalani miezi kadhaa nyuma. Kipimo kingefaa zaidi kwenye masoko ya kukusanyia, kabla magunia hayajachanganywa na fedha kulipwa. Hapo mwenye mahindi yaliyokaushwa juu ya turubai hadi unyevu wa asilimia 13.5, akachambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, angekuwa na sababu ya kudai bei ya juu kuliko jirani aliyeanika chini kwenye udongo. Kwa sasa mara nyingi wote wawili hupimiwa kwa debe moja na kulipwa sawa.