Sangara Asisingiziwe Kifo cha Ningu

Mwandishi anayedai kuwa sangara ndiye aliyemaliza ningu, na kwamba kuzuia nyavu kwenye midomo ya mito ni kuwaonea wavuvi, amekosea majira. Sangara alitapakaa Ziwa Victoria miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshaporomoka kufikia miaka ya 1960, kwa nyavu za makila zilizomvizia akiingia mito kama Nzoia na Kagera.

Samaki huyu hupanda mto mvua zikinyesha, tumbo limejaa mayai, akatage kwenye mbuga zilizofurika. Ukimnasa pale mlangoni umevua na kizazi chake. Wala sitaki marufuku ya mwaka mzima: avuliwe akishataga. Wavuvi wenzangu, masika yakianza, toeni nyavu midomoni mwa mito.