Nyumba mpya za serikali: jina la nani linaingia kwenye orodha?

Msikilizaji, habari ya kuhamishwa si ngeni huku kwetu. Wazee wanaikumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na sasa SGR inajengwa upande huohuo. Ndiyo maana tukisikia watu wa mjini wamehamishwa na kupewa nyumba mpya, wengi tunauliza: na sisi je?

Jibu fupi ni kwamba nyumba hutolewa kwa orodha, na orodha hufungwa mapema.

Mfano unaotajwa sana ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Pale hapakuwa makazi holela, zilikuwa nyumba kuukuu za umma. Wakazi waliondolewa, nyumba zikabomolewa, wakakaa miaka wakipanga kwingine. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe, akaahidi waishi miaka mitano bila kulipa kodi. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa hayo Machi 2022. Nyumba zilikuwa 644, sawasawa na kaya zilizokuwa zimeorodheshwa. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ndiyo iliyowalinda kuliko ahadi zote, maana mwenye jina hakuweza kuambiwa nyumba zimekwisha.

Jina nalo halitoshi. Kule Kibera, Nairobi, familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa kwa muda kwenye maghorofa ya Lang'ata mwaka 2009, ili eneo lao lijengwe. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Lakini wapo waliopangisha vyumba vyao vipya wakarudi kwenye mabati, kwa sababu kodi, maji na umeme huja kila mwezi, na kibarua hakiji kila mwezi.

Sasa turudi Tabora. Huku anayepisha mradi kwa kawaida hapewi nyumba, hupewa fidia ya fedha. Inahesabiwa thamani ya ardhi na jengo, na juu yake posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi, yaani kodi ya miezi 36. Mpangaji wa chumba mara nyingi hatoki na kitu. Kama mwanao amepanga Ng'ambo au Isevya, asitegemee hundi hata kama amekaa hapo miaka kumi.

Penye mgogoro mkubwa ni nyumba za urithi. Babu alijenga mjini, amefariki, watoto wametawanyika Sikonge, Urambo na Kaliua, na nyumba anakaa mjukuu mmoja. Siku ya tathmini, anayepigwa picha mbele ya nyumba akiwa ameshika namba ni yule aliyepo. Ndugu wengine wanapata habari fedha zikishalipwa, halafu ukoo unagawanyika. Dawa yake ipo na si ghali: kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa, cheti cha kifo, kisha Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi na kuteua msimamizi. Fanyeni hivyo kabla hata ya kusikia mradi. Mkisubiri alama ya X ukutani mtakuwa mnakimbizana na wakati.

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya tathmini kuidhinishwa. Ikichelewa, riba inaongezeka. Tathmini ikipita miaka miwili bila malipo, inarudiwa. Kwa hiyo hifadhi nakala ya kila fomu uliyosaini, na uangalie tarehe. Jina likikosewa, hata herufi moja, mwambie mthamini na mtendaji wa mtaa siku hiyohiyo, kabla jedwali halijaenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali.