Dada wa Milola akiolewa na mgeni, ndoa haimsaidii mumewe kupata uraia

Chukua mfano huu. Kaka na dada, wote wazaliwa wa Milola mkoani Lindi. Kaka anaoa binti wa Msumbiji. Dada anaolewa na kijana wa Msumbiji. Ndoa zote halali, vyeti vipo, shamba la mikorosho na ufuta linalimwa pamoja.

Ukifungua Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ndoa hizi mbili hazifanani.

Mke ana njia, mume hana

Kifungu cha 11 kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajinisi, wakati wowote mume wake akiwa hai. Ndoa yenyewe ndiyo tiketi yake.

Mwanaume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hana kifungu kama hicho. Anaomba kama mgeni mwingine yeyote. Awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 ya kabla ya hapo awe ameishi hapa isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na aonekane ana mchango kwa taifa. Kuwa mume wa Mtanzania hakumpunguzii hata mwaka mmoja.

Maana yake ni nini? Kaka anaweza kumdhamini mkewe hadi awe raia. Dada hawezi kufanya hivyo kwa mumewe.

Kwa nini Lindi wanapaswa kujali

Ukanda huu na Msumbiji wamechanganyika siku nyingi. Miaka ya 1960, vita vya ukombozi vilipoanza ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi walipokelewa Rutamba, hapahapa Lindi. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975 na wengi wakarudi, ila undugu ulibaki. Mwaka 2010 Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa, na kuvuka kukawa rahisi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Kimwera na Kimakonde watalielewa haraka. Kwa mila zao ukoo unafuata upande wa mama, na mwanaume akioa ndiye anayehamia kwao na mke. Sheria yetu imeandikwa kana kwamba siku zote mwanamke ndiye anayemfuata mume. Kwa hiyo inambana zaidi mume anayefuata desturi ya huku Kusini!

Anapoteza nini?

Kwanza, utulivu. Asiye raia anaishi kwa kibali au pasi, hati zenye ada na tarehe ya mwisho. Pili, ajira. Sheria ya ajira kwa wageni ya mwaka 2015 inamtaka awe na kibali cha kazi, hata kama ana watoto wanne hapa.

Tatu, ardhi, na hapa ndipo panapouma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake iko kwenye ardhi ambayo hawezi kuiita yake. Mke akitangulia mbele ya haki, mwanaume huyu anabaki na makaburi na watoto, lakini hana uhakika wa shamba wala wa kuendelea kukaa.

Cha kushangaza, sheria hiyohiyo haimbagui mama kwa mtoto. Mtoto akizaliwa nje ya nchi, ni raia kwa kurithi ikiwa baba au mama ni Mtanzania. Yaani dada wa Milola anaaminiwa kumpa uraia mtoto wake, ila siyo kumdhamini baba wa mtoto huyo.

Hofu ya ndoa feki

Wanaotetea kifungu hiki husema wanaume wa kigeni wataoa ili kupata karatasi. Hofu hiyo ina msingi, lakini kwani mwanamke hawezi kuolewa kwa ajili ya karatasi? Kama ni udanganyifu, uchunguzwe kwa wote.

Kenya walishalitatua. Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu mtu yeyote, mke au mume, aliyedumu kwenye ndoa na raia kwa angalau miaka 7 kuomba kusajiliwa kuwa raia. Muda wa ndoa ndio kichujio, siyo jinsia. Na Katiba yetu wenyewe, tangu marekebisho ya mwaka 2000, inataja jinsia miongoni mwa misingi ya ubaguzi uliokatazwa.

Ufanye nini sasa?

Kama mwenza wako ni mgeni, sajilini ndoa na mtunze cheti. Hati ya ukaazi isiachwe ikaisha muda, kwa sababu miaka ile 7 inahitaji ushahidi. Tunzeni risiti, vibali na barua za serikali ya kijiji. Na mkumbuke Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima: anayepewa uraia wetu lazima aukane wa kwao.

Zaidi ya hapo, kazi ni ya Bunge. Kwenye kifungu cha 11 neno "mwanamke" likibadilishwa kuwa "mwenza", na muda wa ndoa ukawekwa, kaka na dada wa Milola watakuwa sawa. Mbunge wako akipita kuomba kura, muulize hilo.